Miti Makumi Tatu na Tisa Yenye Uliacha

Kasereka, mwihwa wangu, mutoto wa dada yangu Masika,

Ulisemaka mimi siwezi kuandika ata ukurasa moja bila kuingiza chui ndani. Basi, angalia. Humu hamuna chui. Hamuna nyoka ya vichwa viwili. Hamuna ata ile mbuzi yenye nilibebaka ku moto, pikipiki yangu, kutoka Beni mupaka Butembo, yenye ilikuwa inakuchekesha: "Mujomba, ile mbuzi inakomaaka kila mwaka. Mwaka jana ilikuwa mbuzi, sasa iko ng'ombe, iko na pembe." Nilikuwa nakukasirikia mbele ya batu. Mais ulikuwa na haki. Ilikuwa mbuzi. Na ilikuwa imeshakufa, tulikuwa tunaipeleka ku ndoa.

Ninaandika mu cahier, daftari yako ya kosi, ku kurasa za nyuma zenye zilibaki nyeupe. Usikasirike. Kalamu ni yangu.

Batu banataka nilie. Pasta alikuja mara mbili kuniambia kama kulia ni dawa. Nilimuambia: Pasta, dawa yenye kila mutu wa hapa anakunywa na haijaponyesha mutu, ile ni maji. Aliomba chai. Uliona? Maneno ya vile njo inatoka mu kichwa ya mutu mwenye aliacha masomo mu deuxième secondaire. Kama ningemaliza, leo ningekuwa gouverneur, na wewe ungekuwa unapita na gari ya vioo vyeusi. Basi sitalia. Niliapa. Kama kuko pahali wino ilimwagika kidogo humu, ni mvua, nyumba inavuja.

Habari ya nyumba. Mama yako anakaa kwangu sasa, hapa Butembo, mu chumba ya mbele. Ameanza tena kuimba mu korali, anasimama mu mustari ya nyuma, juu mbele kuko bamama benye banamuangalia sana. Moto yangu ingali inatembea. Siège, kiti yake, imepasuka upande ya nyuma, upande yako, bamotard benzangu banacheka, banasema nibadilishe. Bacheke. Sibadilishe.

Sasa tuongee juu ya ile karatasi.

Unakumbuka ulikuja nayo nyumbani ile juma ya kwanza ya kosi, ile ya magonjwa ya mimea. Karatasi moja ya kanuni, imeandikwa na mukono ya assistante, mwalimu wenu wa chuo, imepigwa photocopie mara mingi mupaka herufi zikawa kama mavi ya inzi. Uliisoma kwa sauti wakati tunakula, kama vile unasoma Zaburi. Mulango unafungwa saa moja na nusu ya asubui. Telefone inalala mu mufuko. Mutu akiuliza swali ya kijinga, mwenye kucheka njo atatoka inje, hapana mwenye kuuliza. Wakati ya kuita majina, mutu asijibu kwa jina ya mwenzake. Akijibu, bote babili banafutwa. Na ile ya mwisho, yenye ulisoma mara mbili: kila hesabu yenye unaandika, uwe umeihesabu kwa macho yako. Hesabu moja ya kubuni, kikundi muzima ziro.

Nilicheka sana. Nilisema: "Inchi nzima inatembea na hesabu za kubuni, na ule mama anataka batoto ba Butembo njo bahesabu na macho?" Chai ilikutoka mu pua. Mama yako alitugombeza sisi bote babili na kijiko.

Mulikuwa munamuita Madame Mulango. Mimi nilimujua ile siku ya mvua, wakati matope ilitushika njiani na tukafika dakika sita kisha saa. Mulango umefungwa. Wewe ulitaka turudi. Mimi, nirudi? Nilipiga ule mulango kama mutu wa kodi, nikasema kwa sauti ya basoda ba jeshi: "Madame, musamehe mutoto, kiboko alitukatia njia pale ku rond-point!" Auditoire yote, darasa nzima, ililipuka kicheko. Na yeye, bila kufungua, polepole kabisa: "Papa, mwambie ule kiboko kesho aamuke mapema."

Mutu hakunishindaka kwa maneno tangu nizaliwe. Ule alinishinda kupitia ubao.

Ulisikiliza kosi pa dirisha, umesimama inje, cahier chini ya shati, na mimi nashika mwavuli masaa mawili kama boyi ya mukubwa fulani. Njo vile nilijua kama ugonjwa wa kakao, ule wa kuozesha tunda mupaka inakuwa nyeusi, unapenda maji. Uliniuliza kisha kama mukono haikuchoka. Nilikuambia nilishikaka tente ya ndoa ya batu mia mbili peke yangu, mu upepo. Ulisema: "Ndiyo, mujomba." Ile "ndiyo" yako. Ilikuwa inaniuma kuliko tusi.

Na sasa inabidi niandike juu ya ile Ijumaa. Nilishasogeza hii kalamu mara mingi kuizunguka.

Kikundi yenu ilikuwa batu bane. Kazi ilikuwa wazi: muchague shamba, mufunge kamba kuzunguka miti mia moja, muangalie muti kwa muti, muandike wenye iko na matunda ya kuoza. Mulichagua kakao juu mama yako alikuwa na shamba ku Mabalako, mbele kidogo ya Mangina. Vikundi vingine vilikaa hapa Butembo, bakachukua hesabu mu kazi za banafunzi ba zamani, bakabadilisha tatu ikuwe nne, kwisha. Wewe ulikataa. Na ile juma habari ya kule ilikuwa mubaya, batu ba pori na silaha zao balionekana mu mashamba. Bazazi ba benzako batatu balibakataza kwenda. Kavugho, ule binti mwenye alikuwa chef wa promotion, mukubwa wa darasa yenu, na mutu wa kikundi yenu, alikuambia mungojee. Mama yako alisema mungojee. Kisha akanigeukia mimi, juu mimi njo motard, mimi njo mutu wa njia: "Kambale, kule njia iko namna gani?"

Nikasema: "Iko safi. Nilipita jana. Basoda bamejaa kila kona, ata kuku haiwezi kuvuka bila jeton ya ruhusa."

Sikupitaka jana, Kasereka. Ilikuwa siku kumi na moja tangu nipite kule. Sikuona musoda, sikuona kuku. Niliongea vile juu bajirani babili balikuwa pale pa mulango banasikiliza, na mimi, mutu akiniuliza njia, siwezi kusema sijui. Motard mwenye anasema sijui, huyo ni motard? Njo vile tunaambiana ku parking, pale bamotard tunangojea abiria. Abiria anauliza, unajibu safi, anapanda. Bote tunasemaka vile. Na siku mingi inakuwaka kweli.

Nilikubeba. Tulifika muzuri, tulikula ndizi za kuchoma pa Mangina, ulinitania juu ya kofia yangu. Nilikuacha kwa jirani ya shamba ya mama yako, nikarudi Butembo. Jumamosi asubui ulienda mu shamba na cahier, na bale batu ba pori balikukuta pale.

Siandike zaidi. Mimi mwenye naweza kuongea juu ya mbuzi moja masaa mawili. Ile, hapana.

Cahier balipata chini ya muti. Ni hii. Uliandika mupaka muti wa makumi sita na moja. Pa makumi sita na mbili uliandika namba, na mbele yake hakuna kitu.

Unajua kwetu, ku kilio, mujomba banamupatiaka nafasi ya kuongea. Banaume balikuwa banakaa ku moto wa kuni, kasiksi, pombe ya ndizi, inazunguka, bananingojea. Nikasimama, nikasema ulipigana na batu kumi, ukaangusha batatu mbele ya kufa. Balipenda. Mzee moja alipiga mukono ku goti. Mama yako alikuwa kwa bamama, mais nilijua anasikia, juu alinyamaza kulia.

Nafuta ile. Naandika hapa: ninaifuta. Sikuwa pale. Hakuna mutu anajua ulifanya nini. Najua kitu moja tu, ulihesabu miti makumi sita na moja, na hukubuni ata moja.

Majuma tatu kisha kukuzika, nilivaa koti yangu ya ndoa, nikaenda ku masomo yenu. Nilienda kupigana. Nilikuwa na maneno yangu tayari: karatasi yako, Madame, njo iliua mutoto. Kama ungebaachia babuni kama kila mutu, Kasereka angekuwa hapa anakula sombe. Nilitaka nimuambie mbele ya bote, na alie, na mimi nipone kidogo. Nafikiri njo vile. Nilikuwa natafuta mutu wa kubeba kitu yenye ilikuwa ku mugongo yangu.

Nilifika mbele ya mulango kufungwa, mara hii! Nikakaa ku banc ya nyuma kabisa. Yeye alikuwa ametoka kufundisha ku Lubero, ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi tangu ile siku, na hakuna mutu alikuwa amemuambia kitu. Anaanza kuita majina. Moja, présent. Ingine, présente. Kisha: "Kasereka."

Batoto bote bakainamisha kichwa.

Na mudomo yangu, hii mudomo, bila kuniuliza, ikasema: "Présent."

Aliinua macho. Alinijua palepale, mutu wa kiboko, mutu wa mwavuli pa dirisha. "Papa, ile kanuni unaijua. Mutu asijibu kwa jina ya mwenzake. Bote babili banafutwa."

Nikasimama. "Madame, mimi unifute. Yeye balishamufuta."

Kavugho njo alimueleza, amesimama, anashika meza. Pahali ulikuwa, kazi yenye ulikuwa unafanya. Madame alikaa chini. Hakusema pole. Alifunga liste ya majina. Kisha aliamuka, akaenda pa bukuta kwenye ile karatasi ilikuwa imebandikwa, akafungua kalamu, akasema kwa sauti yenye sikujua anayo: "Hii ya macho ninaifuta. Kazi zote mutafanya na vitabu. Kosa ni yangu."

Unaona, Kasereka? Njo kitu yenye nilikuja kutafuta! Ushindi mukononi, bila ata ngumi moja. Mutu mwingine angeshukuru na kwenda kula.

Nikasema: "Madame, uache kalamu." Nikasema: "Kanuni yako haikumubeba ku moto. Mimi njo nilimubeba. Baliniuliza njia iko namna gani, nikasema iko safi, na sikuwa nimepita." Batoto bote baligeuka kuniangalia. Sikuwaka uchi ya vile, ata ku mutoni. Kisha nikaona bado anashika kalamu, na kitu ikapanda ndani yangu, sasa sauti ikawa kubwa, juu machozi ilikuwa inakuja na niliapa: "Bale ba pori balituchukulia shamba. Balituchukulia mutoto. Na sasa njo bao batatuandikia kanuni za kosi? Batoto ba Butembo bafundishwe kubuni juu yao? Hapana! Hapana, hapana, hapana!"

Madame akashusha kalamu.

Na yeye, macho yamejaa, anasema: "Papa, hapa ndani mutu anainuaka mukono mbele ya kusema."

Nikainua mukono. Nilishamaliza kusema, mais niliinua.

Hakufuta. Aliongeza maneno chini, nilisoma mimi mwenyewe: uhesabu kwa macho yako, pahali penye utarudi. Akaambia kikundi yenu bachague shamba ingine, ata ndizi za Kalunguta, pale mutu anaenda asubui na anarudi. Muzuri. Mais nikaelewa: bakichagua ingine, ile miti yako makumi sita na moja itatupwa. Na kwake, jina ku ukurasa ya mbele ya kazi ni ya mutu mwenye hesabu yake iko ndani. Hesabu ikitoka, jina inatoka. Ingekuwa kama haukwendaka. Ungekufa juu ya kitu yenye haiko.

Nikainua mukono tena, mbele mara hii. "Kuko miti ngapi yenye inabaki?" Kavugho akasema makumi tatu na tisa. Nikasema nitaihesabu mimi.

Balicheka? Mwenye kucheka anatoka, unajua kanuni. Madame alisema mimi si mwanafunzi. Nikasema basi nifanyeni mwanafunzi. Kumbe kuko jina yake: auditeur libre, mutu mwenye anasikiliza kosi bila kupewa points. Mujomba wako iko na jina ya chuo kikubwa sasa! Niliambia parking yote. Banasema auditeur libre ni mutu mwenye anasikiliza redio bila kulipa. Wivu.

Kavugho alinifundisha kuangalia tunda, Jumamosi mbili, mu lupango, uwanja ya nyumba yao, penye kakao. Siku ya kwanza nilionyesha tunda nikasema hii imeoza, imeoza kabisa, nimeona za vile maelfu. Akaniambia: "Mujomba, hii ni panya alikula." Nilifikiri kakao nimeijua maisha yangu yote. Nilikuwa najua harufu yake tu.

Mbele ya kwenda, nilimuambia mama yako juu ya njia. Ilinibidi. Alikuwa anapepeta muchele. Nilisema yote, zile siku kumi na moja, bajirani pa mulango, kuku na jeton. Hakuacha kupepeta. Kisha akasema: "Nilijua, Kambale. Nilikubeba ku mugongo wangu ukiwa kichanga, nakujua wakati unasema kweli. Nilikuamini juu na mimi nilitaka njia ikuwe safi." Sijui kama amenisamehe. Hakusema. Jioni aliniletea sahani, aliweka sombe mingi kuliko siku zote, na haikuwa na chumvi hata kidogo. Nilikula yote.

Kisha nilingojea. Mimi, kungojea! Kila siku nilikuwa nauliza bamotard benye balitoka kule ile ile siku, hapana benye balisikia. Majuma mbili. Ule jirani ya mama yako akatuma neno: balimaji ba pale banaenda sasa mu mashamba pamoja, banaingia asubui, mbele ya saa sita kila mutu ameshatoka. Nikaenda nao. Tulikuwa batu kumi na babili, na mashoka na bitunga. Nasema hii kwako tu: niliogopa. Kama ningekuwa naongea hii ku parking ningekuambia nilikuwa mbele ya mustari nikiimba. Nilikuwa katikati, nashika shati ya mama moja mwenye alikuwa mbele yangu, na yeye hakunifukuza.

Kamba yako ingali pale. Imelegea, mais iko. Ulifunga mafundo muzuri, ile ya kufunga mizigo ku moto, yenye nilikufundisha. Nilisimama pa muti wa makumi sita na mbili. Muzima. Nikaandika. Wa makumi sita na tatu: matunda mbili nyeusi. Nikaandika. Hakukuwa kitu ya ajabu, Kasereka. Nilikuwa nafikiri nitasikia sauti yako, ao ndege itaimba namna fulani. Kulikuwa miti, na mimi nakohoa. Muti wa makumi saba ulikuwa umeanguka. Nilikaa pale sijui niandike nini. Nikaandika: iko chini.

Pa makumi nane na tatu balipiga filimbi, tutoke. Kulibaki kumi na saba.

Sasa sikiliza. Nilirudi Butembo, na ile njia haikufunguka tena majuma tatu. Siku ya kudefandre kazi, kuitetea mbele ya bote, ilikuwa inakaribia. Nikakaa hapa ku meza yako, cahier wazi, nikaangalia ile nafasi kumi na saba. Nilishaona miti makumi mbili na miwili ya ile shamba. Naweza kujua zenye zinabaki ziko namna gani! Muti ni muti. Niliandika moja kwa kalamu ya mukaa: muzima. Nikaandika wa pili: matunda tatu. Ilitoka vizuri, Kasereka, kama hadisi zangu zote. Kavugho alikuja kuchukua hesabu, akaangalia, akaangalia ile tarehe niliandika pembeni, siku yenye njia ilikuwa imefungwa, akaniuliza kimya kabisa: "Mujomba, kiboko tena?"

Nilifuta. Angalia kurasa ya mbele, alama ya gomme, ile ya kufutia, iko pale, ilitoboa karatasi kidogo.

Benzako balienda kumuomba Madame siku. Alitoa juma moja, si zaidi. Ku siku ya tano ile njia ilifunguka, balimaji balirudi mu mashamba, nami nikamaliza. Muti wa mia moja ulikuwa muzima, matunda ya manjano mupaka juu. Nilitaka sana muti wa mwisho ukuwe na kitu. Haukuwa na kitu. Niliandika: muzima. Katika zako, kumi na tisa zilikuwa na ugonjwa. Katika zangu, kumi na ine. Nikafungua kamba yako, nikaizungusha ku mukono, nikarudi nayo. Mama yako anaanikia nguo.

Siku ya kudefandre, auditoire ilijaa, ata bale ba promotion ingine balikuja kuona mutu wa koti. Kavugho na bale babili baliongea Kifaransa muzuri. Mimi niliongea Kiswahili yangu. Madame akauliza: "Muti wa makumi saba?" Nikasema: "Iko chini, Madame." "Iliangushwa na nini? Ugonjwa, upepo, batu?"

Nilikuwa na majibu sita, zote tamu. Moja ilikuwa na tembo.

Nikasema: "Sijui."

Aliandika kitu. Hakuinua kichwa. Aliandika muda murefu kuliko ile neno.

Unadhani imeisha? Haikuisha. Kazi ikaenda ku secrétariat bapige ku mashini, na wakati ukurasa ya mbele ilitoka, majina yalikuwa pale, na mbele ya jina yako baliweka musalaba kadogo. Niliuliza ni nini. Ule bwana wa secrétariat, mutu wa adabu, alisema: "Papa, njo desturi, mutu akiwa amekufa." Nilimuambia musalaba yake iko ku kaburi, ya mbao ya libuyu, ile ya bei kali, nilichonga mimi. (Ni mukuyu tu. Mais nilichonga mimi.) Nilimuambia: "Wakati alikuwa anahesabu hii miti, alikuwa muzima. Hakuna maiti ilihesabu hapa. Toa." Akasema haiwezekane, zimeshapigwa. Nikasema desturi yangu mimi ni kukaa. Nikakaa pa banc mbele ya ile bureau. Saa tatu, saa ine. Kavugho akaja akakaa. Bale babili bakaja. Bengine, benye sijui majina, na chakula yao mu mifuko. Saa sita Madame akapita, akauliza ni mugomo ya nini. Akasoma ukurasa. Akarudia kusoma. Akaingia ndani, akasema kitu moja tu, mulango ulikuwa wazi tulisikia: "Kanuni yangu inasema majina ya benye balihesabu. Musalaba hauhesabu."

Balipiga upya.

Kazi yenu iko mu bibliothèque, mu maktaba ya chuo, sasa. Kasereka, jina yako ni ya kwanza, bila kitu mbele yake. Yangu ni ya tano, ya mwisho kabisa, na kila abiria namuonyesha photocopie. Banasema najisifu. Najisifu! Mara hii niko na karatasi.

Siseme yote iko muzuri. Benzako balifaulu kosi, mais ku liste ya points, mustari yako iko nyeupe, na nimeshaandika barua kwa secrétaire académique kumuuliza juu ya nini. Hajajibu. Nitaandika ingine. Mama yako hajarudi ku shamba na sitamusukuma. Na kuko asubui naamuka na hasira ya kutosha kuwasha moto yangu bila tone ya essence. Siiombe iishe.

Nikuambie ya jana, kisha nikuache. Jana pa parking mama moja alikuja na mutoto ku mugongo na kitunga, anauliza njia ya Mangina. Bamotard bane balijibu pamoja: safi, mama, panda! Akaniangalia mimi, juu niko mukubwa kuliko bote. Nikasema: "Mama, nilipita Jumatano. Jumatano niliona maduka zimefunguliwa pa Mangina na basoda babili pa kivuko. Leo sijui." Aliangalia kitunga yake. Akasema basi atangojea kesho, akarudi kwao. Benzangu balinitukana, balisema nimeharibu kazi, mwalimu wa uongo, auditeur wa redio. Nilikaa ku siège yangu ya kupasuka, nikabaacha baongee.

Ahadi yangu kwako ni hii moja, sina ingine: mutu akiniuliza njia, nitasema yenye niliona na siku yenye niliiona. Atapanda ao hatapanda. Kwa mbuzi, uniachie, mbuzi nitaendelea nayo, bila ile batu batanisahau.

Wasingya kutsibu, aksanti sana, mwihwa wangu. Lala pale kwa Nyamuhanga, Mungu wetu, usituonee huruma. Tuko hapa, tunahesabu.

Mujomba wako,
Kambale